Mafuta yakiadimika, kwa nini treni ya tawi ndiyo ya kwanza kusimama?

Mafuta yanapoadimika nchini, habari za kwanza tunazozisikia ni za foleni kwenye vituo vya mafuta Dar es Salaam, Mwanza na Arusha. Kisha tunasikia nauli za mabasi na bodaboda zimepanda. Habari ya treni ya tawi huja mwisho, nayo huja kama tangazo fupi tu kwamba huduma imesitishwa kwa muda.

Kwa mtu wa Ulyankulu, Kaliua au Mpanda, tangazo hilo fupi lina uzito kuliko foleni za mjini. Linagusa bei ya mbolea, bei ya kusafirisha tumbaku na mahindi, na safari ya kwenda kwenye msiba wa ndugu. Katika makala haya tunaeleza kwa nini njia ya tawi hukatwa kwanza, nani analipa gharama hiyo, na wananchi waulize nini kabla ya kukubali maneno "kwa muda".

Njia tunayoizungumzia

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, enzi za Wajerumani. Ilifuata kwa karibu njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji. Baadaye Waingereza waliongeza matawi mawili upande wetu. La kwanza ni Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. La pili ni Kaliua hadi Mpanda, lililofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Tawi hili lina urefu wa kilomita 210 hivi. Mgodi ule haukudumu, lakini reli ilibaki, ikawa ya wakulima, wafanyabiashara wadogo na abiria.

Ulyankulu yenyewe haina stesheni. Mwenye mzigo au safari hutoka kwa barabara hadi Urambo, Kaliua au Tabora mjini, kisha ndipo apande treni. Kwa nini basi mtu wa Ulyankulu ajali kuhusu tawi la Mpanda?

Sababu ya kwanza ni undugu. Makazi ya Ulyankulu yalianzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, sawa na Katumba iliyo kandokando ya reli ya Mpanda. Mishamo ilipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, sehemu ya watu wake walihamishwa kutoka Ulyankulu. Zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo matatu walipewa uraia wa Tanzania, na mwaka 2014 vyeti vikaanza kugawiwa. Kwa hiyo ukoo mmoja unaweza kuwa na kaka Ulyankulu, dada Katumba na wajomba Mishamo. Treni ya Kaliua–Mpanda ndiyo njia inayowaunganisha kwa nauli ambayo mtu wa jembe anaimudu.

Sababu ya pili ni malori. Treni ya Mpanda ikisimama, mazao ya Katavi hutafuta malori. Lori lililozoea kuja Kaliua na Ulyankulu kubeba tumbaku litakwenda kule linakolipwa zaidi. Kwa njia hiyo, reli iliyosimama Mpanda inapandisha gharama ya usafiri hata kwa kijiji ambacho hakijawahi kuona treni.

Kwa nini tawi ndilo linalokatwa kwanza

Tuanze kwa kuwa wa haki kwa wanaoendesha reli. Reli yetu ya zamani, ile yenye upana wa mita moja, inatumia injini za dizeli. Dizeli ikipungua, meneja hana njia ya mkato. Ni lazima achague treni ipi itembee na ipi isubiri. Kuna mambo manne yanayomsukuma aguse tawi kwanza.

Jambo la kwanza ni mapato. Njia kuu ya Kigoma inabeba mizigo ya Burundi na ya Kongo kupitia Ziwa Tanganyika. Mizigo hiyo inaleta fedha za kigeni, nayo ina mikataba. Gunia la mahindi la Mpanda halina mkataba.

Jambo la pili ni umbali. Treni ikitoka Tabora kwenda Mpanda na kurudi hutembea zaidi ya kilomita 650. Injini inayotumwa huko inaondoka na mafuta mengi, na kwa siku kadhaa haipatikani kwa kazi nyingine.

Jambo la tatu ni mzigo wa upande mmoja. Msimu wa mavuno mabehewa hurudi yamejaa, lakini hutangulia kwenda karibu matupu. Msimu wa mbolea huwa kinyume chake. Treni iliyo nusu tupu inakula mafuta bila kulipa.

Jambo la nne halimo kwenye vitabu vya hesabu, nalo ni sauti. Treni ya Dar es Salaam ikisimama, habari inafika kwenye televisheni jioni ile ile. Treni ya tawi ikisimama, anayejua ni mama aliyefika stesheni na mzigo kichwani.

Hoja tatu za kwanza ni za kweli. Kama mafuta yaliyopo yanatosha safari moja tu, na chaguo ni mabehewa 20 ya Kigoma au 6 ya Mpanda, hata sisi tungechagua Kigoma. Tatizo linaanza pale ambapo hesabu inaishia kwenye tangi la shirika la reli, bila kuangalia matangi mengine yote ya nchi.

Hesabu ya lita

Enzi za misafara, mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Behewa moja la mizigo la reli yetu ya zamani hubeba takriban tani 40. Yaani behewa moja linafanya kazi ya wapagazi zaidi ya 1,300. Hiyo ndiyo sababu reli ilibadilisha maisha ya Tabora.

Sasa tulinganishe na usafiri wa leo. Lori aina ya Fuso linalobeba tani 10 litahitaji safari nne kubeba mzigo wa behewa moja. Treni ya mabehewa 20 yaliyojaa ni sawa na safari 80 za Fuso. Kila lori lina tangi lake, dereva wake, na matairi yanayoliwa na barabara ya changarawe. Kwa wastani, treni iliyojaa hutumia kati ya robo na theluthi ya mafuta ambayo malori yangetumia kubeba mzigo ule ule kwa umbali ule ule.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Treni ikisimama, mzigo hausimami. Tumbaku ni lazima ifike kwenye viwanda vya Morogoro, mbolea ni lazima ifike kabla ya mvua, na mgonjwa ni lazima afike hospitali. Vyote hivyo vinahamia barabarani, kwenye vyombo vinavyokula mafuta zaidi. Shirika limeokoa dizeli yake, lakini nchi kwa jumla imechoma dizeli zaidi, tena wakati ule ule ambapo dizeli ni haba. Tofauti hiyo inalipwa na mwenye mzigo.

Naye mwenye mzigo wa huku analipa kwa bei ya juu zaidi. Mafuta yanaingia nchini kupitia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Mamlaka ya EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei hiyo hupanda kadiri wilaya inavyokuwa mbali na bandari, kwa sababu gharama ya kuyasafirisha mafuta yenyewe imo ndani yake. Kijijini, ambako mafuta huuzwa kwa chupa na madumu, bei kikomo mara nyingi haina msimamizi. Mwaka 2023, kati ya Julai na Septemba, uhaba ulipojitokeza, EWURA ilivifungia baadhi ya vituo kwa kuficha mafuta. Adhabu hiyo ilikuwa ya haki, lakini haikuweza kumfikia anayeuza kwa chupa kando ya njia.

Kuna wanaosema reli ya Mpanda haina umuhimu tena kwa kuwa sasa kuna barabara ya lami kutoka Tabora hadi Mpanda. Barabara hiyo ni jambo jema. Lakini inapita Sikonge na Koga, upande wa kusini. Haipiti Kaliua, wala haifuati reli inayovuka Mto Ugalla. Vijiji vya kandokando ya reli havikupata lami. Vikikosa treni, vinabaki na njia za msituni ambazo masika huzifunga.

Historia inatuonyesha nini

Uhaba wa mafuta kwenye reli hii si jambo jipya. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Makaa ya mawe na mafuta hayakuingia tena. Wajerumani waliendesha treni za Reli ya Kati kwa kuni, zilizokatwa kando ya njia. Karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa hata kuwa kiwanda cha kutengeneza sarafu za dhahabu mwaka 1916, kwa sababu fedha kutoka Ujerumani nazo zilikwama. Treni ziliendelea kutembea hadi majeshi ya Wabelgiji yalipoiteka Tabora mwezi Septemba 1916.

Lakini wakati njia kuu ikipewa kila kuni iliyopatikana, kulikuwa na tawi lililosimama. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Tabora kuelekea Rwanda. Vita ikaisimamisha kazi hiyo. Baada ya vita, Waingereza walitumia sehemu ya mwanzo wa njia ile kwa reli ya Mwanza. Reli ya kwenda Rwanda haikufika Rwanda, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado inajadiliwa kwenye mikutano.

Mfano wa pili uko nchini Ireland wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nchi hiyo haikupigana, lakini ilitegemea makaa ya mawe kutoka Uingereza, na Uingereza ikapunguza kuyauza. Mwaka 1944 treni za abiria kwenye njia kuu zilipunguzwa hadi siku mbili kwa wiki, na za matawi ya vijijini zikasitishwa. Vita ilipokwisha na makaa kurudi, baadhi ya matawi hayakurudishiwa treni ya abiria kamwe. Watu walikwisha kuzoea basi, na njia ilikwisha kuchakaa.

Hapa nchini, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Shirika la Reli Tanzania lilianza maisha yake wakati mbaya. Vita ya Kagera ilizuka mwaka 1978, na mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikaruka. Wazee wanakumbuka magari binafsi yalivyopigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri. Miaka iliyofuata, pamba na tumbaku vilikaa kwenye maghala kwa sababu hapakuwa na usafiri wa kutosha: mafuta haba, vipuri haba, injini mbovu. Mkulima alikuwa amevuna, lakini fedha yake ilikuwa imelala ghalani.

Hatari ya "kwa muda"

Mifano hii inatufundisha jambo moja. Uhaba wa mafuta peke yake hauui njia ya tawi, kwa kuwa uhaba huja na kuondoka. Kinachoiua ni kusimamishwa bila tarehe ya kurudi.

Reli isiyopitiwa na treni inaharibika haraka. Majani hufunika njia. Makalvati huziba, na mvua za masika husomba tuta. Wezi wa vyuma chakavu hufungua boliti na kuchukua mataruma ya chuma. Wakati huo hakuna gengi linalopita kukagua, kwa sababu hakuna treni. Mafuta yanaporudi, jibu linalotolewa si tena kwamba dizeli haipo, bali kwamba njia haipitiki na inahitaji fedha nyingi za ukarabati. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tunayo mifano nchini. Tawi la kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri, mkoani Singida, lilijengwa miaka ya 1930 na likang'olewa miaka ya 1940. Iliwachukua watu wa Singida miongo kadhaa kuona reli tena. Treni ya abiria ya Arusha nayo ilisimama, na ikarudi mwezi Oktoba 2020, baada ya zaidi ya miaka 20. Mtoto aliyezaliwa mwaka iliposimama alikuwa mtu mzima iliporudi.

Njia za tawi pia zimekatwa kwa sababu zisizo za mafuta. Mwezi Desemba 2009 mafuriko yaliharibu Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, na abiria wa Tabora, Kigoma na Mpanda wakakosa treni ya kwenda Dar es Salaam kwa miezi. Katika kipindi hicho shirika lilikuwa chini ya ubia na kampuni ya RITES ya India, ubia ulioanza mwaka 2007 na kuvunjika mwaka 2011. Kila mara sababu ilikuwa tofauti, lakini aliyesubiri alikuwa mtu yule yule.

SGR inakuja, tawi linabaki wapi?

Wengine watasema mambo haya yatakwisha, kwa kuwa reli ya kisasa inatumia umeme. Ni kweli kwa sehemu. Treni za SGR zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, kisha zikafika Dodoma mwezi uliofuata. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Njia hiyo ikikamilika, safari ya Kigoma haitategemea tena meli ya dizeli iliyochelewa bandarini.

Lakini tawi la Kaliua–Mpanda bado ni la mita moja na bado ni la dizeli. Serikali inayo mipango ya kupeleka SGR kutoka Kaliua hadi Mpanda na bandari ya Karema. Mpango ni jambo jema, ila mpango haubebi magunia. Hadi njia hiyo mpya ijengwe, tawi litakuwa kisiwa cha dizeli kinachoungana na njia kuu ya umeme. Mzigo utahitaji kushushwa na kupakiwa upya pale njia mbili zenye upana tofauti zinapokutana. Na uhaba wa mafuta ukitokea wakati huo, njia kuu haitasimama, hivyo hata kelele za mjini za kudai treni hazitakuwepo. Tawi litakuwa peke yake.

Kwa hiyo huu ndio wakati wa kudai utaratibu, kabla ya uhaba unaofuata.

Maswali ya kuuliza

Tunapendekeza madiwani, vyama vya msingi vya wakulima na wabunge wa maeneo haya waulize maswali matano kila tangazo la kusitisha huduma linapotoka.

Kwanza, mwisho ni lini? Tangazo litaje tarehe ya kurudi, au angalau tarehe ambayo uamuzi utatazamwa upya mbele ya wananchi.

Pili, je, haiwezekani kupunguza badala ya kufuta? Treni moja kwa wiki, yenye mabehewa ya abiria na ya mizigo pamoja, hutumia mafuta kidogo na huiweka njia hai. Ireland ya mwaka 1944 iliziachia njia kuu siku mbili. Tawi letu linaweza kuachiwa moja.

Tatu, je, ratiba inafuata kalenda ya mkulima? Safari moja iliyojaa mbolea kabla ya mvua za Novemba ina faida kuliko safari nne za mwezi usio na mzigo.

Nne, nani anailinda njia wakati treni haipiti? Magengi yaendelee kukagua, na vijiji vya kando ya reli vishirikishwe kulinda mataruma na kusafisha makalvati.

Tano, aliyekwisha kulipa atafanyiwa nini? Mwenye tiketi au stakabadhi ya mzigo anastahili kurudishiwa fedha au kupewa usafiri mwingine. Tunza stakabadhi yako. Malalamiko ya huduma ya treni hupelekwa LATRA, na ya bei ya mafuta hupelekwa EWURA.

Kwa viongozi wa AMCOS tunaongeza neno moja. Kabla ya msimu wa masoko, andikeni kwenye makubaliano nani atabeba gharama ya ziada ikiwa mzigo uliopangwa kwenda kwa treni utalazimika kwenda kwa lori. Pasipo maandishi, gharama hiyo hukatwa kwenye malipo ya mkulima, naye huigundua siku ya kupokea fedha.

Mafuta yataadimika tena, kwa kuwa nchi yetu haichimbi mafuta na meli hupita bahari zenye vita na misukosuko. Hilo hatuwezi kulizuia tukiwa Ulyankulu wala Kaliua. Tunachoweza kudai ni kwamba treni ya tawi ikisimama, isimame kwa tarehe inayojulikana, na siku hiyo ikifika, tuwe stesheni kuuliza.